Usiitike kwa Jina ya Neema

Gisenyi, Mbugangari, siku ya ine muchana

Sifa, mwanangu, mama yangu,

Barua huanza na kuuliza kama mutu iko muzima. Mimi sina haja ya kukuuliza. Nimekuona asubuhi hii ukienda Nyakiriba kumuaga nyanya yako, kitambaa ya kijani kichwani, ukiimba kwa sauti mpaka jirani akatoka kuangalia nani anaolewa. Utarudi jioni. Nyumba iko kimya, na mimi nimekaa na daftari yako ya zamani ya hesabu, zile kurasa za nyuma ambazo hukupata nafasi ya kuzijaza. Unajua nilisoma mpaka darasa ya tano tu. Ukikuta neno limeandikwa vibaya, lisome kwa sauti, utanisikia.

Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji, wala juu ya kufunga pesa ndani ya nguo, wala juu ya wanaume wa stendi. Nyanya yako sasa hivi anakuambia hayo yote, na mama mudogo Dorotea atayarudilia ukifika Mwanza. Mimi nataka kukuandikia juu ya ile cheti ya kuzaliwa iko ndani ya Biblia yako. Cheti ya binamu yako Neema.

Mama mudogo aliituma kwa mapenzi, ninajua. Neema ameolewa, hana haja nayo tena. Na kule kwenye kiwanda ya samaki, anavyosema, wakisikia mutu ni wa huku wanamuambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki. "Aje kama Neema," aliandika. "Miaka yenu inakaribiana, na sura ni ya kwetu." Mimi ndiye niliyekubali. Mimi ndiye niliyekukalisha juu ya kiti hii nikakuuliza kama polisi.

"Jina yako?"

"Neema."

"Ulizaliwa wapi?"

"Ngara."

"Mama yako ni nani?"

"Dorotea." Hapo ukaanza kucheka, ukafunika kinywa. "Mama, usiniangalie hivyo, utanikosesha!"

Juzi ulikuwa unachota maji, umenipa mugongo. Nikaita kwa nguvu: "Neema!" Ukageuka mara moja, bidon ya maji mukononi, meno yote nje. "Umeona, mama? Nimeshazoea. Si kama papa!" Ukaona nimeingia ndani haraka, nikakuambia ni moshi. Haikuwa moshi.

Si kama papa. Unajua kwamba pale garaji kwenye alifanya kazi walimuita Kiziwi, na unajua juu ya nini. Tulikuwa tunacheka wote watatu hapa nyumbani. Lakini hujui kile kilichofuata, juu nilikuficha. Ninakuomba usitumie cheti ile, Sifa. Na siwezi kukuomba vizuri kama sijakuambia vile papa yako alikufa. Ile niliyokuambia haikuwa yote.

Papa yako Bahati alikuwa mutu wa Kabare, kule upande wa Bukavu. Alifika Goma na sanduku ya spana na shati mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, ninauza mikate ya mafuta mbele ya garaji kwenye alifanya kazi. Kila siku alinunua mbili, akala moja, ingine akanirudishia: "Hii ni yako, dada, we pia unasikia njaa." Wazee wetu walisema, "Mushi? Mutu wa kabila ingine?" Nikasema, "Mushi." Ukazaliwa. Nilikuwa bado mutoto mwenyewe, ndiyo maana watu wakituona njiani wanafikiri tuko dada na mudogo wake. Nimekua pamoja na wewe, na makosa yangu mengi uliyaona yakifanyika.

Halafu watu wetu, wale wazee wao walitoka huku, walifukuzwa Masisi, na Goma nayo ikaanza kutuangalia vibaya. Tukavuka mupaka, sufuria mbili, godoro moja, wewe ukilia juu ya yule kuku wako tuliyemuacha. Huku mimi ndiye niliyekuwa nimerudi kwetu, hata kama sikuwa nimewahi kupaona. Papa yako ndiye aliyekuwa mugeni. Karatasi yake ilikuwa ya Zaire.

Haikupita mwezi akasikia kwamba garaji moja ya lori hapa Mbugangari inatafuta mutu wa injini. Alirudi na furaha, ananyoosha vidole vyake.

"Kesho naenda kuomba."

"Na karatasi gani?" nikamuuliza.

"Na yangu. Niko na ingine?"

"Bahati, huku Zairwa, mutu wa Zaire, hawamuandikake kazi. Na wakikuandika, siku utaumia hautapata kitu. Ile caisse ni ya wenyeji."

Caisse unaijua: ile mufuko ambayo wanakatia kila mufanyakazi kidogo kwenye mushahara, na patron, mwenye kazi, anaongeza yake, juu ya siku ya kuumia kazini ama kuzeeka ama kufa na kuacha watoto.

"Nani amekwambia?"

"Inajulikana."

Soma hapa polepole, mwanangu. Hakuna mutu aliyekuwa ameniambia. Sikuenda kuuliza kwa patron, wala kwa ofisi, wala kwa padiri. Nilijua tu. Tulikuwa tumefukuzwa, na mutu aliyefukuzwa huona kila mulango umefungwa hata mbele ya kuusukuma. Niliogopa kwa niaba yake, na woga wangu nikauita akili.

Na hapa mupakani kuazima karatasi ni kama kuazima sufuria. Mutu anampa jirani karatasi yake ya kuvuka, jirani anaenda kuuza karoti Goma, jioni anairudisha na asante. Mimi mwenyewe nimevuka mara nyingi na karatasi ya jirani yetu Mama Kevine. Mujomba wako Aloys alikuwa na mbili: kitambulisho mupya, na ile attestation ya kwanza tuliyopewa tulipoingia, isiyokuwa na picha. Nikamuomba ile ya pili. Akaniangalia, akakwaruza kichwa. "Dada, shemeji atakuwa mimi?" Nikamuambia, "Juu ya kazi tu." Akanipa. Mutu anakatalia dada yake?

Papa yako aliishika karatasi ile mpaka mahindi yakaungua kwenye moto. Kisha akasema:

"Espérance, mi naweza kufanya kazi ya mutu mwingine. Lakini kuwa mutu mwingine, kutoka asubuhi mpaka jioni?"

"Ni jina tu," nikamuambia.

Ni jina tu. Nimesema maneno mengi mabaya maishani, mengine wewe ndiye uliyeyapata, ukiwa mudogo na mimi nikiwa nimechoka. Lakini kama Mungu angeniruhusu kurudisha neno moja kinywani, ningechagua hilo.

Basi akaandikwa Aloys. Patron hata hakuangalia vizuri, alimuonyesha injini ya lori iliyokufa, akamuambia, "Ifufue." Akaifufua. Wiki ya kwanza watu wakaanza kumuita, "Aloys! Aloys, leta spana!" na yeye hageuki, anaendelea kuimba nyimbo zake za Kabare ndani ya injini. Wakamuguza bega. "We, masikio yako iko wapi?" Angewaambia nini? Akasema masikio yake iliharibika na mashine kule alikofanya kazi zamani. Ndivyo alivyopata jina ya tatu, Kiziwi. Alikuja kutuambia jioni, unakumbuka, akiigiza mzee Gaspard, yule mwenye kuchomelea vyuma, akimpigia kelele sikioni: "KIZIWI! UGALI IMEIVA!" Ulicheka mpaka ukaanguka juu ya godoro. Mimi pia nilicheka. Miaka miwili tulicheka.

Siku ile lori ilikuwa juu ya jeki na yeye chini. Ardhi ilikuwa na maji ya mvua. Mzee Gaspard alikuwa upande mwingine, akaona jeki inaanza kuinama polepole. Akapiga kelele: "Aloys! Aloys! Aloys, toka!" Wengine wawili waliokuwa karibu waliruka. Papa yako hakutoka.

Mimi nilikuambia kwamba lori ilianguka gafla, hakuna mutu aliyeona, hakuna kitu kingefanyika. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na nafasi ya kuita mara tatu.

Gaspard mwenyewe ndiye aliyeniambia, hapa kwetu, siku ya kilio. Alikuwa analia kama mutoto. "Mama Sifa, nilimuita. Mungu ananiona, nilimuita mara tatu. Ni ile ukiziwi yake. Ningemupigia jiwe! Juu ya nini sikumupigia jiwe?" Na mimi nilimushika mukono, nikasema, "Ihangane, vumilia, muzee, ni mapenzi ya Mungu." Nilimuacha aende nyumbani na muzigo ule. Sikumuambia kwamba papa yako alikuwa anasikia kuliko sisi wote, kwamba alikuwa anasikia panya akitembea ndani ya gunia ya maharagi na kuniamusha. Gaspard angemuita Bahati, papa yako angetoka. Mimi ndiye niliyemufanya kiziwi.

Nimepumuzika kidogo. Nimeenda kuangalia maharagi. Ninaendelea.

Alikaa siku nane hospitali. Wewe ulikuwa unaleta chakula, na kila mara nilikutuma nje, kuchota maji, kutafuta sabuni. Ulinikasirikia juu ya hiyo, ukasema nilikunyima papa yako. Nilikutuma nje juu niliogopa utataja jina yake ya kweli mbele ya watu, ama yeye ataongea. Na kweli siku ya tatu aliongea. Muuguzi alikuja na karatasi yake, akasoma: "Aloys, umelala namna gani?" Papa yako akafungua macho.

"Mama, andika vizuri. Mi ni Bahati Murhula. Wa Kabare."

Muuguzi akaniangalia. Na mimi, Sifa, nilisema hivi: "Ni homa, inamuchanganya. Anaitwa Aloys."

Nilikuwa ninafikiri juu ya caisse. Nilifikiri, wakijua si Aloys, hawatalipa hospitali, hawatatupa kitu, na mimi niko na mutoto wa kusomesha. Nilifanya kwa ajili yako, nilijiambia. Papa yako akageuza kichwa, akaniangalia. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Espérance," akasema, "hata hapa?"

Hakusema tena juu ya jina. Aliuliza juu yako, kama umepata viatu vya shule. Aliomba maji. Siku ya nane asubuhi akaenda, na karatasi ya hospitali ikaandika kwamba Aloys amekufa.

Ukaniuliza juu ya nini musalaba wake umeandikwa "Papa Sifa" bila jina ingine. Nikakuambia ubao ulikuwa mufupi. Ubao ulikuwa unatosha. Fundi alikuwa amesimama na burashi, anangojea nimuambie aandike nini, na mimi nilikuwa na jina mbili kinywani, moja ya uongo na moja ya hatari. Nikachagua yako.

Sasa sikiliza vile kaka yangu Aloys alivyokuwa marehemu. Alirudi kutoka Kigali, kwenye alikuwa anatafuta kazi, juu ya kilio, akakuta kwa karatasi amezikwa. Nilikuwa nimeanza kufikiri namna ya kwenda caisse: kwa vitabu vyao, mimi si mujane, mimi ni dada ya aliyekufa. Mujane ni Vestine, bibi ya Aloys. Basi nikawaomba: Vestine aende kulia pale ofisi, na sisi tugawane.

Vestine aliweka mikono kiunoni. "Donc, basi mi nijifunge kitambaa nyeusi, na mutu mwenyewe iko ananikoromea usiku?"

"Ni kwa karatasi tu," nikasema. Unasikia? Bado nilikuwa ninasema "tu".

"Dada," Aloys akasema, "nimepata nafasi ya kufundisha. Wanaanza kunilipa mwezi ujao. Marehemu analipwaje?"

"Na marehemu asiombe sahani ya pili," Vestine akasema, akaondoa sahani yake. "Chakula ni ya walio hai." Tulicheka, yoo, wiki ile ya kilio tulicheka mpaka machozi. Kisha Aloys akaacha kucheka. "Espérance, nilikukopesha jina yangu. Kufa, hapana. Twende tuseme ukweli."

Tukaenda. Pale ofisi kulikuwa na mwanamuke mumoja, si kijana si muzee, miwani imefungwa na uzi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Nilifikiri ataita askari. Akavua miwani.

"Mama, juu ya nini hakuandikishwa kwa jina yake?"

"Juu alikuwa mugeni. Mugeni hana haki hapa."

"Nani alikwambia?"

Swali ileile ya papa yako. Yeye nilimujibu, "Inajulikana."

Alinieleza kama mutu anamueleza mutoto, bila kunicheka. Akasema inchi nyingi ziliwekeana sahihi zamani, mbele mimi nizaliwe: mutu wa inchi moja akifanya kazi ndani ya ingine na akaumia kazini, atendewe sawasawa na mwenyeji. Si nusu, si kwa huruma. Na akikufa, bibi na watoto wapewe vile wangepewa wa mwenyeji, hata kama wanakaa ng'ambo ya mupaka. "Sisi tuko ndani," akasema, akihesabu kwa vidole. "Zaire iko ndani. Burundi, Uganda, Tanzania, wote. Sheria haiulizi mutu alizaliwa wapi, mama. Inauliza nani alifanya kazi. Na hapa ndipo ninashindwa, juu karatasi yangu inasema aliyefanya kazi ni huyu bwana, na huyu bwana ninamuona anakohoa."

Aloys akaacha kukohoa.

Nilipita kwa patron siku ileile, nikamuambia ukweli. Alikaa juu ya tairi. "Zairwa?" akasema. "Lakini mama, ningemuandika Zairwa! Mi nilitafuta mutu wa injini. Angetoka hata mwezini." Na mimi nilikuwa ninatafuta mutu wa kukasirikia, Sifa, nilimutafuta kila upande, patron, ofisi, inchi. Sikumupata. Kwa wengine huenda milango imefungwa kweli, sikatai. Yetu ilikuwa wazi, na mimi ndiye niliyeweka kiti nyuma yake.

Ninajua ungetaka kuuliza: na baadaye? Yule mwanamuke wa miwani hakufunga dossier, ile faili yetu. Alisema: "Leta watu watatu ama wane waliofanya kazi naye. Leta patron. Leta cheti ya ndoa yenu ya kanisa, na ya ubatizo wa mutoto. Huyu bwana asaini kwamba si yeye. Siwezi kukuahidi kitu, lakini nitaandika." Nikasema asante, nitarudi.

Sikurudi. Hii ndiyo kosa la pili, na ile ya kwanza naweza kusema sikujua, ya pili nilijua. Niliogopa. Nilifikiri watanifunga juu ya karatasi ya uongo, na wewe utabaki na nani? Nilifikiri Aloys atapoteza kazi yake ya kufundisha. Nilifikiri Gaspard atakuja kusaini, na atasoma jina, na ataelewa juu ya nini hakusikika. Hiyo ndiyo niliogopa kuliko gereza. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Mwishoni mwa mwaka ule shule ikakurudisha nyumbani, na ukaniambia, "Si kitu mama, nilikuwa nimechoka na hesabu." Hukuwa umechoka. Nimeinama juu ya daftari yako sasa hivi, nimeona vile ulivyokuwa unapiga mustari chini ya kila jibu, mara mbili, na rula.

Kwa hiyo kesho unaenda kuosha samaki wa watu.

Sikukatazi kwenda. Kazi si aibu, na Mwanza, anavyosema mama mudogo, mutu mwenye mikono mepesi kama yako hakosi. Lakini kiwanda ile iko na mashine za kukata, na barafu chini, na watu wengi wakipiga kelele. Uligeuka juzi nilipoita Neema, ni kweli, uko na akili nyepesi kuliko papa yako. Labda utageuka kila siku. Hiyo nayo inanitisha. Juu ukigeuka kila siku, miaka kumi, zile wanazokata kwenye mushahara wako zitaingia kwa Neema. Mugongo utakaoumia ni wako, na uzee utakuwa wa Neema. Na siku moja utapata mutoto, atakuuliza wewe ni nani, utaangalia kwanza nani iko karibu.

Labda ukisema jina yako watakuambia urudi wiki ijayo. Labda watakudai kibali ya kazi, na kibali inachelewa, na utafua nguo za watu kwanza, ama utauza mikate ya mafuta kama mimi. Sitakudanganya kwamba sheria ile inatembea yenyewe barabarani ikitafuta wageni wa kuwasaidia. Mimi ninajua kitu moja tu ya sheria, ile ya kuumia kazini, juu ndiyo niliyoilipia. Juu ya mengine, uzee, uzazi, ugonjwa, uliza. Uliza mwenye ofisi, usiniulize mimi, usimuulize mama mudogo, usiulize watu wa kwenye foleni. Sisi wote "tunajua tu".

Cheti ya Neema sikuitoa ndani ya Biblia. Ningeweza kuichoma, nilishika kiberiti asubuhi, kisha nikaona nitakuwa nimekuchagulia tena, kama nilivyomuchagulia papa yako. Ukifika, unaweza kumurudishia mama mudogo mukononi na kumushukuru. Ama unaweza kuitumia. Utabaki mutoto wangu kwa jina yoyote. Mimi nilitaka tu uichague ukiwa umeona yote, si nusu niliyokupa.

Siku ya kwanza ya juma nilienda kwa mzee Gaspard. Nilimuambia. Nilifikiri atanifukuza. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Kisha akasema, "Bahati." Akajaribu tena: "Bahati." Akasema, "Ni jina nzuri ya kuita kwa nguvu." Akalia kidogo, akaniuliza nitaenda ofisi siku gani, juu anataka kuvaa koti.

Tunaenda kesho, Sifa. Sikukuambia juu ungetaka kubaki, na basi ya kesho haitakungoja, na barabara ya Ruhengeri sasa imetulia, afadhali uende. Gaspard anakuja, na patron amesema atatuma mutu ama atakuja mwenyewe. Aloys ameomba ruhusa shuleni. Vestine amesema naye anakuja, aone kwa macho yake wakimufufua bwana yake. Sijui kama tumechelewa. Sijui kama wataniuliza juu ya karatasi ya uongo, wakiuliza, nitajibu. Wakitupa kitu, hata kidogo, utarudi shule, mutu anaweza kurudi shule na miaka kumi na saba, nimeuliza. Nimeuliza, unaona? Ninajifunza. Wasipotupa kitu, basi papa yako atakuwa ameandikwa mahali.

Utakapokuwa unakaribia Kigali, mimi nitakuwa nimekaa juu ya benchi ya ofisi ile. Kwanza wanaita jina ya marehemu, halafu wanauliza nani amekuja kwa ajili yake. Nitasimama.

Mimi mama yako,
Espérance, bibi ya Bahati Murhula, Mukongomani, fundi wa injini